Muulize Khalati: Kemikali Atanunua Nani?

Khalati, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, mkaazi wa Kisauni. Nilisoma shahada ya bayokemia bara nikapata daraja la pili la juu, na sasa ni mwaka wa pili nafundisha kemia na bayolojia katika shule ya kibinafsi hapa mtaani. Nataka uzamili wa bayoteknolojia. Njia ninazo tatu. Nairobi, ambako baba yuko tayari kunilipia karo kwa mapato ya duka lake la Kongowea. Kilifi, niwe nakwenda na kurudi. Au chuo kimoja cha Uingereza, kozi ya mwaka mmoja. Barua ya kukubaliwa ninayo, ufadhili sina, ila ami yangu aliyeko Muscat asema atauza kiwanja chake cha Mtwapa anilipie. Mama aona niende Uingereza, kwani cheti cha Ulaya ni cheti. Nichague kipi?
Binti wa Kisauni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja, na mara zote mbili sikukiona. Karo umenitajia, kwenda na kurudi umenitajia, hata kiwanja cha watu cha Mtwapa umenitajia. Unataka kutafiti nini? Na kemikali atanunua nani?

Nitaanza na la kemikali kwa sababu ndilo lililonichoma mimi.

Uzamili wangu niliusoma mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika chuo nisichokitaja kwa kuwa wenyewe wengi wangali hai na tukikutana arusini twasalimiana. Programu iliandikwa ya miaka miwili. Mimi nilitoka na miaka minne na miezi saba. Nilikuwa natafuta bakteria wanaokula mafuta ya meli kwenye matope ya mikoko. Nikichota matope Tudor na Gazi maji yakikupwa, nikiyatia kwenye vichupa, vichupa kwenye barafu ya wauza samaki, kisha basi la usiku mpaka bara nimepakata ule mzigo kama mtoto mchanga. Abiria wa kando akiniuliza ni nini, nasema ni dawa. Ningesema ni matope ningeeleza mpaka Voi.

Marehemu baba alilipa karo yote ya mwaka wa kwanza, na nyumbani Kibokoni tukasoma maulidi ya kushukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba karo ile ni ya darasa tu. Nilipofika mwaka wa pili, wa utafiti, nikapewa karatasi: boksi la kutolea DNA, vimeng'enya vya PCR, ile njia ya kunakili DNA mpaka iwe nyingi, praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, za kuagiza ng'ambo, jeli, glavu, ada ya maabara ya nje itakayosoma mpangilio wa DNA. Nikaigeuza karatasi nyuma nitafute jina la mlipaji. Mlipaji alikuwa mimi. Niliuza bangili moja ya mama, dhahabu ya zamani, nikanunua boksi moja la kutosha sampuli 50. Sampuli zangu zilikuwa 64.

Kisha ikaja ile Ijumaa. Vichupa vile hukaa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, si hii yetu ya barafu za ubuyu. Stima ikapotea jioni, jenereta ikawaka, na Jumamosi jenereta ikaishiwa dizeli bila mtu kujua. Jumatatu nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya Tudor maji yakiwa yamekupwa. Vibandiko vimebanduka, wino umechuruzika, vichupa vyaelea kwenye maji kama dagaa, na mimi sijui kipi cha Gazi kipi cha Tudor. Mwezi ule ule msimamizi wangu, mtu mwema kwa kila hali, akapata kazi nje ya nchi. Aliniandikia barua pepe ya mistari miwili, na wa pili ulikuwa wa kuniombea dua.

Basi ukiniuliza chuo kipi, mimi nitakuuliza friza ipi.

Nairobi usiidharau. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha bayoteknolojia na bayoinfomatiki. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara inayoshika bayokemia, mikrobiolojia na bayoteknolojia kwa pamoja. Na kule Juja, ndani ya JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta, ipo taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika, PAUSTI, iliyo chini ya Umoja wa Afrika, yenye uzamili wa bayolojia ya molekuli na bayoteknolojia. Hiyo hufadhili vijana wa bara zima, kwa hivyo kugombea nafasi yake ni kama kugombea feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi. Wewe jaza fomu tu. Feri hupandwa na walioko foleni.

Lakini kinachonivutia Nairobi ni majirani wa vyuo kuliko vyuo vyenyewe. Ipo ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, upande wa Kabete. Ipo ICIPE ya wadudu kule Kasarani, aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Wako wanafunzi walioandikishwa chuo kikuu lakini benchi lao la maabara liko huko, ndani ya mradi wenye fedha zake, na mradi ndio unaonunua kemikali. Wenzao waliobaki chuoni bila mradi ndio wauzao bangili. Kwa hivyo baba yako akilipa karo ya Nairobi na wewe huna mradi wowote uliokupokea, ajue amelipa nusu ndogo.

Kilifi umeiandika kwa mstari mmoja, kama mtu anayetaja nyumba ya jirani. Mimi hapo nitakaa kitako. Tangu 1989 KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, wafadhili wa utafiti wa Uingereza, wako Kilifi. Chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mnamo Oktoba 2021, ilifanyiwa majaribio yake makubwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na kimoja kilikuwa hapo Kilifi, mwendo wa matatu moja kutoka kwenu. Corona ilipoingia, maabara hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizosoma jeni za virusi vya huku kwetu. Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huo huo, kina kituo chake cha utafiti wa sayansi za viumbe, na kina uzamili wa bayoinfomatiki.

Hiyo bayoinfomatiki iangalie vizuri. Ni kazi ya kompyuta: unasoma mfuatano wa DNA, unaandika programu, unalinganisha virusi na virusi, mbegu na mbegu. Inataka hesabu na uvumilivu wa kukaa, na kama hupendi kukaa itakutesa. Ila data haiyeyuki stima ikipotea. Ningekuwa na umri wako leo, ningeelekea huko bila kugeuka nyuma.

Na kabla hujafika Kilifi kuna milango unayoipita kila siku. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, makao yake makuu yako Mkomani. Kutoka Kisauni ni tuktuk tu. KALRO, ya kilimo, ina kituo Mtwapa. Yaani ami yako ataka kuuza kiwanja kilicho jirani na maabara ili ukatafute maabara Uingereza! Muhogo wetu unakondeshwa na batobato na michirizi ya kahawia. Kina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanalima mwani. Mikoko ipo, samaki wapo. Tasnifu ambayo sampuli zake ziko saa moja kutoka nyumbani ina uhai mrefu. Friza ikifa, unarudi baharini kesho yake na ndoo. Mimi ilinibidi kuomba nauli.

Ila hilo la kwenda na kurudi lifute. Bakteria hawajui matatu ya mwisho ni saa ngapi. Kuna majaribio yatakayokutaka saa tano usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, nawe uko kwenye foleni ya Mtwapa ukitazama tela la simiti. Kodi chumba Kilifi, hata cha kushirikiana na mwenzio.

Uingereza sasa. Mama yako mwambie nampa heshima zake, lakini kwa hili sikubaliani naye. Uzamili wa kule wa mwaka mmoja kwa kawaida ni madarasa muhula baada ya muhula, kisha mradi wa maabara wa miezi mitatu hivi wakati wa kiangazi chao. Mashine utazikuta, mafunzo ni mazuri, sibishi. Lakini miezi mitatu ni kuonja, na kiwanja kikishauzwa kimeuzwa. Ukitaka Uingereza, iendee kwa Chevening, ufadhili wa serikali yao wa uzamili wa mwaka mmoja. Wanataka saa 2,800 za kazi, karibu miaka miwili, na kule kufundisha kwako kwahesabika. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti, na kuomba ni bure. Sharti mojawapo ni kurudi nyumbani angalau miaka miwili baada ya masomo, jambo ambalo mama yako atalipenda kuliko alivyodhani. Wapo pia DAAD wa Ujerumani wanaofadhili wanafunzi ndani ya vyuo vya Afrika yenyewe. Kiwanja cha ami kiache kiote nyasi.

Njia ya nne hukuitaja, nami nakuongezea: Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kina kituo kiitwacho SACIDS, cha magonjwa yanayopita baina ya wanyama na watu, na bayolojia ya molekuli wanaifundisha. Wavuka Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Chalinze, umefika. Sokoni kwao hutahitaji mkalimani, na Kiswahili chako kitarudi kimenyooka zaidi ya hiki tunachoandikiana kwenye simu.

Sasa la kufanya kabla hata shilingi haijatoka. Mtafute msimamizi kabla ya kozi. Chukua jina lake, liandike kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za utafiti, usome makala zake za miaka mitano iliyopita. Angalia jina la kwanza kwenye kila makala ni la nani. Yakiwa majina ya wanafunzi, huyo ni mtu anayewasukuma wenzake mbele. Akiwa yeye wa kwanza siku zote, jiulize wanafunzi wake walikwenda wapi. Ukikuta makala ya mwisho ni ya 2014, mwamkie kwa adabu na uende zako. Vyuo vingi hapa vitakudai uchapishe makala kabla ya kuvaa joho, na msimamizi asiyechapisha hawezi kukufundisha kuchapisha.

Kisha nenda mwenyewe. Usitume barua pepe tu, nenda, siku ya kazi. Utapokewa ofisini na utaonyeshwa darubini. Shukuru, halafu mtafute fundi wa maabara, yule mwenye funguo kiunoni, umnunulie chai na mahamri mawili. Muulize stima ikipotea jenereta yawaka baada ya dakika ngapi, na dizeli hununuliwa na nani. Muulize mashine ya PCR iliharibika lini mara ya mwisho na ilikaa muda gani. Mwambie akufungulie friza, usome kile kioo cha nje. Kikiandika kasoro 78 au 80, sawa. Kikiandika kasoro 40, na kila mtu apita tu, umeshajibiwa.

Halafu mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne. Kila idara inaye, na haonyeshwi wageni. Mara nyingi utamkuta kibandani nje anakula chapati maharagwe. Muulize alianza lini, na sura yake ya mwisho ilikaa mezani kwa msimamizi wiki ngapi. Msikilize hata akiwa na uchungu, umpunguzie kidogo, kisha uamini kilichobaki.

Baada ya hapo ndipo uulize, kwa maandishi: gharama za benchi ziko ndani ya karo, ndani ya mradi, au ndani ya mkoba wangu? Jibu likija la mdomo, andika wewe barua pepe ya kuthibitisha mlivyozungumza, uihifadhi. Na hakikisha programu yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hilo ni jambo la nusu saa, na kuna watu lilikuja kuwaliza miaka.

Moja la mwisho kwako. Usichague fani kwa taarifa ya habari ya saa moja usiku. Machi 2022 kampuni ya Moderna ilitangaza itajenga kiwanda cha chanjo hapa Kenya, na najua vijana waliokimbilia kozi za chanjo kwa tangazo lile. Aprili 2024 kampuni ikasema imesitisha. Vijana wangali darasani.

Nenda Mkomani wiki hii na barua ya kuomba atachimenti ya likizo ya Agosti, hata bila malipo. Wiki chache za kushika pipeti zitakuonyesha kama waipenda kazi au waipenda sauti ya neno bayoteknolojia. Kisha Kilifi. Ukitoka huko niandikie, uniambie kile kioo kiliandika ngapi.

*

Bi Khalati, assalaam alaykum. Binti yangu amechaguliwa kusoma mambo haya ya bayoteknolojia. Barazani wananiambia ni GMO, ni kugeuza maumbile ya Mola. Nimruhusu?
Baba Mzazi, Likoni

Waalaykumu ssalaam, kaka yangu. Hukumu ya dini mwendee sheikh wako. Mimi si mufti, na sheikh naye akikuuliza PCR mlete kwangu. Nitasema ninachokijua.

GMO, yaani viumbe waliobadilishwa jeni, ni chumba kimoja katika nyumba kubwa ya bayoteknolojia. Hamira inayoumua mahamri yako ya asubuhi ni kiumbe hai, na kumtumia kiumbe akufanyie kazi ndiyo bayoteknolojia. Maziwa lala ni hayo hayo. Tembo la mnazi pia, ingawa hapo mimi na wewe hatupo.

Sasa fikiria nduguzo wenye sukari. Zamani insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyotengenezwa na bakteria waliowekewa jeni ya binadamu, na siku hizi nyingi ya insulini itumikayo duniani hutengenezwa kwa bakteria au hamira. Mama yangu alijidunga miaka 11. Siku nilipomweleza inatoka wapi, alinyamaza, akauliza, “Kwa hiyo si ya nguruwe?” Nikamwambia si ya nguruwe. Akasema alhamdulillahi, akaendelea kuchambua mchele.

Kuhusu vyakula vyenyewe, Kenya ina sheria ya usalama wa bayolojia tangu 2009 na mamlaka yake. Serikali ilipiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO Novemba 2012, ikaondoa marufuku hiyo Oktoba 2022, na kesi zikafuata mahakamani. Wapo wakulima wanaounga mkono na wapo wanaopinga, na nchi yenye mjadala kama huo inahitaji watu wanaojua kusoma kilichomo ndani ya mbegu. Ningependa mmoja wao awe binti wa Likoni. Mruhusu, kaka. Na umuulize mwenyewe anachosoma; utamsikia akikueleza mpaka chai ipoe.

*

Khalati, nikimaliza uzamili wa bayoteknolojia nitaweza kupima damu kwenye maabara ya hospitali?
Kijana wa Changamwe

La, si kwa cheti hicho peke yake. Kupima wagonjwa ni kazi ya leseni, na leseni hutolewa na bodi ya mafundi wa maabara za tiba kwa waliosomea maabara za tiba. Uzamili wa bayoteknolojia utakuweka kwenye utafiti, viwanda, ukaguzi wa vyakula, kufundisha. Namjua mtu mwenye uzamili mzuri aliyerudishwa mlangoni hospitalini na mvulana mwenye stashahada na leseni, na mvulana alikuwa na haki. Kama moyo wako uko kwa mgonjwa, soma sayansi ya maabara ya tiba kwanza. Bayoteknolojia utaikuta mbele.